Mtani Aliniambia Mara Tatu

Sina hamu na milima. Nasema mapema, mtu asije akaniletea habari za hewa safi na mandhari. Nimezaliwa milimani, Mamboya, nimebeba kuni na maji na wadogo zangu kwenye miteremko ile mpaka nikadhani dunia yote imekaa upande. Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi Kilosa mjini, kitu cha kwanza nilichokipenda huko ni kwamba ndoo ukiiweka chini haiporomoki. Nimestaafu hapohapo Kilosa. Siku hizi magoti yangu yanapanda kitanda tu, nacho kwa kuomba Mungu.

Lakini nilipanda tena, juzijuzi, kwa ubishi, mimi na mtani wangu. Yeye hakushuka kwa miguu yake. Njiani aliniambia mara tatu kwamba anakufa, na mara zote tatu nilimcheka. Mkewe mpaka leo hajui kama mumewe alisema. Hilo ndilo linalonichosha, magoti yanasingiziwa tu.

Mtani wangu alikuwa Mnyamwezi, mzaliwa wa Kilosa. Babu yake aliletwa na kazi ya mkonge, baba yake akafanya kazi ya reli, naye mwenyewe alikata miwa Ruhembe ujana wake wote, halafu akarudi Kilosa kufungua genge la dagaa na chumvi. Mimi ni Mkaguru. Utani haukuanza na sisi wawili. Wazee walituambia kwamba zamani babu zao walikuwa wakipita kwetu na mizigo ya watu mabegani, kwenda pwani na kurudi, wakatukuta tumekaa penye maji. Mwenye kiu na mwenye maji hawawezi kupigana kila siku, basi wakaona heri watukanane. Alinizidi miaka mitano. Mtu mwingine wa umri ule ningempa shikamoo, tena na goti kidogo. Yeye nikimwona tu kwa mbali naanza, "Mpagazi! Leo umebeba mzigo wa nani?" Naye, "Wa kwako, mchoyo wa maji. Nimekuletea sabuni, nasikia huko kwenu haijafika."

Asiyeujua utani atasema huo ni ukorofi. Ngoja nimweleze msiba wa mume wangu, miaka minne iliyopita. Nimekaa mkekani, siku mbili sijatia kitu mdomoni, nasikia kina mama wanaguna, halafu wanaanza kucheka. Nainua kichwa namwona mume wangu anapita uani. Koti lake la kaki, redio yake kwapani, anachechemea mguu wa kushoto vilevile, anauliza kwa sauti ileile ya puani, "Chai iko wapi humu ndani? Mtu unatoka kazini, chai hakuna!" Alikuwa mtani. Koti sijui alilitoa wapi. Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikalia, na nilipomaliza kulia nikaomba uji. Kule makaburini aliingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka aletewe kuku mzima na ugali wake, na kuku akaletwa kweli. Mkewe, mama mpole anayepika vitumbua vya kuuza, alikuwa amekaa pembeni yangu. Alinishika mkono akasema, "Siku yangu ya kukaa mkekani ikifika, na wewe usinitupe."

Nikamwambia sitakutupa.

Sasa hii safari. Mtoto wa kaka yangu anaishi Morogoro, ana kundi la vijana wenzake wanaotembea milimani mwisho wa wiki. Hawaendi shamba, hawaendi msibani, wanatembea tu halafu wanarudi. Alinipigia akasema wamechoka kwenda Mikumi kutazama swala kupitia dirisha la basi, wanataka njia ndefu ya mguu, ya siku tatu hivi. "Shangazi, ile njia mliyokuwa mnapita kutoka Kilosa kwenda Mamboya ipo bado?" Nikamwambia ipo. Nilikuwa sijaikanyaga tangu darasa la saba. Nikaongeza kwamba nitakwenda kuikagua mwenyewe nimpe maelezo. Mdomo huu!

Habari zikafika gengeni kabla sijanunua dagaa. "Wewe?" akasema mtani mbele ya wateja. "Wewe upande mlima? Labda mlima wa maandazi." Nikamjibu kwamba hata nikiwa maiti nitamtangulia. Akasema njia ile ameipita na magunia ya chumvi akienda kuuza kwetu, wakati mimi nalilia peremende. Mimi nikasema, yeye akasema, watu wakachochea kuni. Jioni ile tukawa tumekubaliana mbele ya mashahidi: tutakwenda wote wawili, na wa kwanza kutamka "nimechoka, turudi" atakuwa mtumwa wa mwenzake mpaka kiama, na ataimbiwa pale gengeni kila asubuhi. Mkewe alicheka, akatufungia vitumbua kwenye mfuko. Alisema neno moja tu, "Mtani, unirudishie mzee wangu."

Nikamjibu, "Nikikurudishia mifupa ushukuru."

Ndivyo nilivyosema. Mashahidi wapo.

Tuliondoka alfajiri. Yeye kavaa gambuti za mpira alizotoka nazo kwenye miwa, kofia yake ya pama na fimbo ya mpera, mimi raba za mjukuu. Maji tulibeba kwenye dumu, tukipokezana. Mtoto wa kaka yangu aliniwekea kitu kwenye simu, kinachora mstari mwekundu kila unapopita, akaniambia nisikizime. Tulivuka mto Mkondoa, tukapita kwenye mahindi, na jua lilipochomoza tukaiona treni ya umeme inaingia kwenye handaki. Ilipita kwa muda wa mtu kukohoa. Mtani akasimama akaitazama, akasema, "Wenzetu wamelala humo ndani wanapita tumboni mwa mlima. Sisi wajinga tunauzunguka." Nikamuuliza kama anataka turudi. "Mimi? Sema wewe."

Ile njia haikuwepo. Yaani ilikuwepo na haikuwepo. Sehemu moja mvua imeikata, kumebaki korongo. Sehemu nyingine mtu kalima mbaazi juu yake, inabidi uzunguke shamba zima ndipo uikute tena imejificha kwenye majani kama mdaiwa. Saa nane mchana nilikuwa sina miguu. Kucha za vidole vikubwa zilishaanza kuniuma kwenye raba za watu. Kila kona nilikuwa najiambia, hapa atasema. Atasema amechoka, nitamcheka kidogo kwa heshima, tutageuza. Naye, nadhani, alikuwa anaomba hivyohivyo juu yangu.

Ilikuwa kwenye kipandio cha kwanza kikubwa ndipo aliposema mara ya kwanza. Alisimama, akaweka kiganja kifuani, akasema, "Mtani, mimi nakufa."

Nilicheka. Nikamwambia, "Kufa, lakini nipe kwanza hilo dumu. Maiti habebi maji."

Akanipa dumu. Hilo nalo lilipaswa kunishtua, maana ilikuwa bado zamu yake na mtani hakuwa mtu wa kuachia zamu.

Tulilala kijiji cha kwanza cha juu, kwa mama mmoja ndugu wa upande wa mama yangu. Asubuhi alitupa viazi vitamu na chai ya rangi. Mtani alikunywa chai, viazi akaviweka mfukoni, akasema atakula njiani. Nikamtania kwamba Mnyamwezi anayeacha viazi ni wa kupelekwa hospitali. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, na tukaendelea kupanda.

Siku ya pili ilikuwa ya kupanda tu. Misitu, mawe, utelezi, halafu mawe tena. Kila hatua kama hamsini mtani anainama kufunga kamba za viatu. Mara ya nne au ya tano nikagundua. Gambuti zina kamba tangu lini? Nilikaa chini kwa kicheko. "Ewe mzee mwongo! Unafunga kamba za gambuti!" Naye akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati, akashika mti. Akasema, "Kifua kinabana, mtani. Nakufa kweli."

Mtu ataniuliza, mwalimu mzima, hukusikia hiyo "kweli"? Nilisikia. Lakini kati ya watani neno hilo limeshachakaa, halina kazi. Huyu ndiye aliyewahi kumtuma mtu darasani kwangu aniambie nyumba yangu inaungua, kweli, Mungu mmoja. Nilikimbia mji mzima na chaki mkononi. Nikamkuta amekaa kizingitini kwangu anakula karanga zangu, ananiuliza moto nimeuacha wapi. Huyu ndiye aliyelala kaburini mwa mume wangu akadai kuku. Kwa hiyo aliposema anakufa kweli, nilimjibu jibu la mtani. "Mpagazi hafi akiwa na mzigo. Ngoja kwanza nikutue."

Na yeye hakubisha. Alikunja uso, akanipungia fimbo niendelee.

Nimelifikiria hili mpaka limenichosha. Tulikuwa tumejifunga sisi wenyewe. Kusema "nimechoka" kulikatazwa, mashahidi wapo, kungeimbwa. Kusema "nakufa" kuliruhusiwa, ni utani wa kila siku. Basi mzee wa watu akabaki na hilo moja la kunililia nalo, na hilo ndilo nililokuwa nimefundishwa tangu utotoni kulicheka. Laiti angesema amechoka! Nakuapia, ningegeuza palepale na kushuka mlima ule kwa matako. Nilikuwa hoi kuliko yeye, nilivyodhani.

Jua la utosini tulifika penye chemchemi, chini ya kilele cha mwisho. Ukishapita pale ni kushuka tu mpaka Mamboya. Mtani alikaa kwenye jiwe, akaegemea lingine, akavua kofia. Uso wake ulikuwa na jasho lakini haukuwa na rangi ya mtu aliyepigwa jua. Akasema taratibu, bila kunitukana, "Tangulia, mtani. Mimi nakufa hapa. Utanikuta."

Ikawa mara ya tatu.

Unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Nilisema moyoni, nimeshinda. Hajatamka neno lenyewe, lakini kukaa amekaa, na mimi nikifika juu peke yangu, gengeni nitakuwa na la kusema mpaka nizeeke. Nikamjazia maji, nikamwekea dumu miguuni, nikamwambia, "Haya, ukifa uniite." Nikapanda.

Kule juu kuna upepo na mtandao. Simu ikaanza kulia meseji. Nikajipiga picha, nikamtumia mtoto wa kaka yangu na maneno, "Mpagazi kabaki chini." Nikakaa nikala karanga. Nikapiga kelele, "Mpagazi wee! Huku kuna maji matamu, hatuwapi!" Kimya. Nikasema, ahaa, ananivizia, anataka nishuke kumtazama ili aseme nilirudi nyuma. Siendi ng'o. Nikakaa. Nadhani saa nzima nilikaa. Baadaye mtoto wa kaka yangu alinionyesha ule mstari mwekundu kwenye simu, unapanda vizuri mpaka kileleni, halafu unarudi chini, halafu unapanda tena. Akaniuliza kwa upole, "Shangazi, hapa mbona ulirudi?"

Nilishuka kwa hasira. Nilimkuta vilevile ameegemea jiwe, kofia kaifunika usoni. Gambuti amezivua, kazipanga pamoja pembeni, kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu. Viazi viko mapajani, havijaumwa. Nikamsukuma unyayo kwa ncha ya raba yangu, nikasema, "Inuka, mzoga wewe. Umeshindwa."

Unyayo ulikuwa baridi.

Sitaeleza nilivyolia, si kwa sababu ya aibu, ila sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba mtandao ulikuwa juu na ilibidi nipande tena. Kile kipande kidogo ndicho kipandio kirefu kuliko vyote nilivyopanda maishani. Niliwapigia watu wa Mamboya kwanza, walete machela. Halafu nikampigia mkewe. Nikasema, "Mama, mtani katutoka."

Alicheka. Nilisikia mafuta ya vitumbua yanachemka nyuma yake. "Mwambie aache upuuzi wake," akasema. "Na wewe usimsaidie. Mmefika?"

Nikasema, "Amekufa kweli."

Akacheka tena. Ilibidi nimwapie kwa kaburi la mume wangu ndipo akanyamaza. Baada ya hapo nilisikia mafuta tu.

Vijana wa Mamboya walimbeba wakamvusha kilele, wakamteremsha mpaka barabarani, na gari likatuzungusha mpaka Kilosa. Miguu yangu ilikuwa imevimba, raba wakazikata kwa kisu kunivua. Nilijifungia ndani. Watu walipobisha nilisema miguu. Uongo ule ulikuwa mzuri kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukweli mwenyewe ni kwamba kila nilipofikiria uso wa mke wa mtani, nilikuwa nasikia sauti yangu, "Ukifa uniite." Niliamua kwamba nitakwenda baada ya mazishi, watu wakishatawanyika, nimweleze yote taratibu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, aniapize akitaka.

Lakini kabla ya kuzika aliniita. Alimtuma dada yake aje na ujumbe, "Mtani yuko wapi? Aliniahidi."

Nikaenda, nikiwa na kandambili na mkongojo. Uani kumejaa watu. Yeye yuko mkekani kati ya kina mama, khanga kichwani, macho yamekauka. Wakaniambia tangu habari zifike hajala wala hajatoa chozi, anatazama tu ukuta. Wakaguru wengine wawili watatu walishajaribu utani wao, hakugeuka hata. Nilikaa karibu yake. Nikasema, "Mama, nina neno nataka kukwambia, kule njiani..." Hakunisikia. Alikuwa na vitu chini ya khanga, akavitoa, akaniwekea mapajani. Kofia ya pama. Fimbo ya mpera. Gambuti.

"Usinitupe," akasema.

Basi nikavaa. Gambuti zilibana miguu ile iliyovimba mpaka nikauma ulimi. Nikasimama katikati ya ua, nikaweka kofia upande kama alivyokuwa akiiweka, nikaanza kutembea matembezi yake, tumbo mbele na fimbo nyuma. "Dagaa! Dagaa wa Kigoma, wamesoma kuliko watoto wenu!" Nikasikia mtu mmoja ameguna. Nikamtukana Mkaguru mmoja aliyekuwa karibu, nikamuuliza kama kwao sabuni imefika. Wakaanza kucheka. Nikainama kufunga kamba za gambuti, nikahangaika nazo, nikazitafuta kamba mguu huu na mguu ule, na ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Nikatazama mkekani. Mke wa mtani alikuwa amegeuza kichwa.

Ua ule una mwinuko mdogo kuelekea jikoni. Niliupanda, polepole, nikihema, nikimwonyesha mzee anayepanda mlima na mwanamke mkorofi. Sikuwa nimepanga. Nilipofika juu mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani, na sauti iliyonitoka ilikuwa yake. "Mtani, mimi nakufa."

Watu walipiga vigelegele. Mke wa mtani akaupiga mkeka kwa kiganja. "Ndiye!" akasema. "Ndiye mwenyewe huyo! Kila siku anakufa!" Alikuwa anacheka, na machozi, yale yaliyokuwa yamegoma, yakaanza kumtoka. Akanyoosha mkono kwangu. "Rudia, mtani. Rudia hapo anapokufa."

Nilimtazama. Ningeweza kuvua kofia palepale.

Nikarudia. "Kifua kinabana, mtani. Nakufa kweli." Akacheka mpaka dada yake akamshika mabega. "Tena," akasema. "Tena moja."

Nikakaa chini penye ule mwinuko, nikaegemea ukuta wa jiko, nikavua kofia. "Tangulia, mtani. Mimi nakufa hapa. Utanikuta."

Alicheka na kulia kwa pamoja, muda mrefu, na hakuna aliyemnyamazisha. Halafu akajifuta uso kwa khanga, akamwambia dada yake anaomba uji.